Siku Bata Alipozama

Nyumba yetu na gereji ya mume wangu zinatumia ukuta mmoja. Asubuhi mimi nafagia, yeye anagonga vyuma. Nyuma kuna kidimbwi, na humo bata wangu sita hushinda wakiogelea. Mkubwa wao ni Malkia, mweupe pe. Niliachiwa na marehemu mama yangu, na kila nikimwona namkumbuka mama.

Asubuhi moja nilifungua banda. Malkia alitoka wa kwanza, kama kawaida yake, akaingia majini. Alipiga miguu mara mbili tatu, kisha akaanza kuzama. Nilidhani macho yananidanganya. Bata anazama? Maji yalifika mgongoni, yakafika shingoni. Nilijitosa na viatu vyangu, nikamtoa. Alikuwa anatetemeka, manyoya yameshikana, na mikono yangu ikawa myeusi tii. Nililifunga banda haraka, wenzake wasitoke.

"Baba watoto," niliita. "Umefanya nini kidimbwini?"

Alitoka gerejini akijifuta mikono. "Mbu wamezidi. Jana usiku nilimwaga oili chafu ya injini. Kikombe kimoja tu."

"Na bata?"

"Bata si ana mafuta yake mwilini? Mafuta na mafuta hayagombani, mama."

Nilimwinulia Malkia aone. Alipomtazama Malkia vizuri, akanywea. Alikimbia, akarudi na tambara na kopo la petroli. Ndivyo anavyosafisha kila kilichoingia grisi: spana, injini, hata vidole vyake.

"Weka chini hilo kopo, fundi."

Sauti ilitoka kwenye uzio. Alikuwa jirani yetu, daktari wa mifugo. Mtaa mzima humwita Bibi Mifugo.

"Petroli itamchoma ngozi, na mvuke wake utamuua," alisema.

Mume wangu aliliweka kopo chini taratibu. Sijawahi kumwona mnyonge namna ile.

Bibi Mifugo alimfunga Malkia kwenye taulo, apate joto na asijisafishe kwa mdomo. Mimi nikabandika maji. Kisha akatuonyesha kidimbwi. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba, unang'aa rangi rangi, ukingo hadi ukingo.

"Yote hiyo ni kikombe kimoja?" mume wangu aliuliza.

"Kimoja kinatosha. Oili haichanganyiki na maji. Inatambaa juu mpaka inakuwa nyembamba kuliko karatasi."

"Lakini mafuta ya bata je?"

"Yanatoka karibu na mkia. Anayachukua kwa mdomo, anajipaka. Maji hayapenyi, hewa inabaki ndani ya manyoya. Hewa hiyo ndiyo inayomfanya aelee. Oili yako imeyashikanisha manyoya, hewa ikatoka, maji yakaingia. Na akijilamba, anameza sumu."

"Na mbu je?"

"Bata hawa wanakula watoto wa mbu kila siku, fundi. Ulikuwa unawaua askari wako mwenyewe."

Tulimwosha Malkia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, beseni baada ya beseni. Tukamsuuza mpaka sabuni yote ikatoka, tukamkausha. Bibi Mifugo alisema asirudi majini mpaka apate mafuta yake tena.

Mume wangu alishinda siku mbili akinyonya utando ule kwa matambara. Matambara na oili chafu yote sasa huwekwa kwenye pipa lenye kifuniko, na wakusanyaji wa oili chafu huja kulichukua. Kidimbwi kile tulikizungushia uzio. Akachimba kingine, mbali na gereji, kwa mikono yake.

Baada ya wiki mbili Bibi Mifugo alituruhusu kujaribu. Tulimweka Malkia kwenye beseni kubwa. Matone yaliteleza mgongoni, yakaanguka. Akaelea. Kisha akapinda shingo, akagusa mkia kwa mdomo, akaanza kujipaka.

Mume wangu aliketi chini pale pale. "Nilikaribia kuua zawadi ya mama yako," alisema, na machozi yakamtoka.

Nilimpa kitambaa ajifute. Alikinusa kwanza kama kina petroli, kisha akajifuta.