Hatua Aliyoiruka Naisula

Kila Jumamosi Naisula alifua sare zake mapema, akazianika nyuma ya nyumba yao Sombetini, kisha akaenda shuleni kwenye klabu ya kompyuta. Alikuwa kidato cha kwanza na mwenyekiti wa klabu.

Shule yao ilikuwa na seva mbili zilizoendesha kompyuta zote za darasani. Mafaili yote yalikaa kwenye kabati moja la diski, na seva zote mbili zilisoma humo. Jumamosi hiyo vyote vilitakiwa kuwekewa programu mpya. Mwalimu Elinipa aliandika mpangilio ubaoni: kwanza seva ya kwanza, halafu ya pili, diski mwisho.

"Naisula, simamia. Naitwa ofisini mara moja," alisema.

Seva ya kwanza ilikwenda polepole mno. Naisula alitaka kuwahi mazoezi ya netiboli. "Si yote yataisha tu?" aliwaza. Akasimamisha seva, akaanza na diski.

Diski zilimaliza upesi. Lakini ghafla mafaili yote yakatoweka kwenye kompyuta.

"Sauti ya bibi iko humo!" alisema Hanna, mwanaklabu mwenzake. Wiki mbili nyuma alikuwa amemrekodi bibi yake kule Akheri, akieleza kwa Kimeru walivyopanda kahawa zamani. Bibi alizikwa Jumatano. "Sina nyingine."

Mwalimu alirudi na Godbless, fundi wa kompyuta. Godbless alichunguza, akatikisa kichwa. "Diski zimekufa, mwalimu. Tuzifute tuanze upya. Nakala ya mwezi uliopita ipo."

Naisula alitazama mpangilio ubaoni. Hakuna aliyemwona akiuvuruga. Fundi akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Kaka, subiri!" Naisula alipaza sauti. "Hazijafa. Ni mimi. Nimeanza na diski, seva nikaziacha."

Godbless akaondoa mkono haraka. "Kumbe! Basi diski ni nzima. Seva bado zina programu ya zamani, ndiyo maana haziwezi kuzisoma."

Wakaweka programu kwenye seva ya kwanza, kisha ya pili. Ilipofika saa saba mchana, mafaili yakarudi. Hanna akavaa spika za masikioni. Akamsikia bibi akikohoa kidogo, kisha akianza kusimulia. Alicheka huku machozi yakimtoka.

"Nisamehe, Hanna," Naisula alisema.

"Nimekusamehe. Ila uliniogopesha."

Mwalimu Elinipa akavuta kiti, akaketi karibu nao. "Hata mimi nimekosa. Nilipaswa kuchukua nakala mpya kabla ya yote, na kuwaeleza sababu ya mpangilio ule. Kila hatua huiandalia njia hatua inayofuata, Naisula. Ukiruka moja, kazi yote inakwama. Lakini ungenyamaza, tungeifuta sauti ya bibi kwa mikono yetu wenyewe. Siku nyingine ukikosea, sema vilevile, mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."