Mwambie Baba Yako

Jumamosi asubuhi, baridi ya mji wa Antsirabe ikiwa bado inauma masikio, Tiana alikuwa akishuka barabara ya stesheni na shuka begani na kitabu kwapani, kwenda kwa Mama Ravao. Mama Ravao aliuza vitabu vikuukuu, akivipanga juu ya turubai kando ya njia. Wateja wengine walichagua, wakalipa, wakaondoka. Tiana, binti wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na mkataba wake: anarudisha kitabu, anaeleza alichokiona ndani yake, anaondoka na kingine.

"Haya, mchawi wako wa wiki hii vipi?" Mama Ravao aliuliza.

"Hovyo."

"Hovyo! Kitabu kinene hivyo?"

"Anaweza kila kitu, Mama Ravao. Akizingirwa na maadui, anapunga mkono, wote chali. Akisikia njaa, anapunga mkono, meza imejaa. Sasa mimi nimhofie nini? Napenda uchawi unaomgharimu mtu. Yule wa kitabu kile kingine, kila akitumia nguvu zake anasahau jina la mtu anayempenda. Yule nililia naye."

Wavuta riksho waliokuwa wakisubiri abiria walisogea karibu. Walimpenda binti huyu kwa ulimi wake, na kwa kuwa baba yake, Solofo, ndiye aliyewapakia rangi riksho zao na kuzichorea maua mgongoni.

"Na yule tajiri aliyeuawa hotelini?" aliuliza mmoja wao, jina lake Njaka. "Nani kamuua?"

"Sikwambii, Kaka Njaka. Kasome."

"Nisome saa ngapi, nikiwa nakimbia?"

"Basi jua hili tu: mwandishi katudanganya. Muuaji kaingia mwishoni kabisa, mtu ambaye hatujawahi hata kumwona. Huko ni kucheza na mtu anayeficha kete mfukoni."

Njaka alicheka mpaka akashika kiuno. Tiana naye akacheka, akachagua kitabu kingine cha upelelezi, akaanza kupanda kilima kurudi nyumbani. Kadiri alivyokaribia lango ndivyo hatua zake zilivyopungua kasi.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa akipanda kilima hicho mbio, kwa sababu wazazi wake walikuwa wasikilizaji wazuri kuliko hata wavuta riksho. Mama yake, Bakoly, alikuwa akitarizi vitambaa vya meza huku akiuliza, "Na yule malkia, amemsamehe dada yake?" Baba yake alikuwa akiingia na rangi vidoleni, akikisia muuaji ni nani, akikosea kila mara. Na mdogo wake Tojo, wa miaka sita, alikuwa akitaka kujua jambo moja tu: kama kuna joka.

Kisha ikaja Pasaka. Dada zake Solofo walikuja kula chakula cha mchana, na Bakoly, kwa pilikapilika za wageni, akazidisha maji kwenye wali. Solofo akauinua wali kwa kijiko, ukachuruzika. "Mke wangu ana kipaji," akasema. "Wenzake hupika wali kwanza, ndipo wachemshe maji juu ya ukoko uliobaki, yawe ya kunywa. Yeye hutengeneza vyote kwa mpigo, sufuria moja."

Mawifi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Bakoly aliinuka. Alitoa vyombo, akaviosha, na tangu siku ile hakumsemesha mumewe. Solofo alidhani ni hasira za siku moja. Zilipopita siku kadhaa naye akaudhika: kwani amemtukana? Si utani tu? Basi naye akafunga mdomo, akisubiri mwenzake aanze. Mvua zikakatika, baridi ikaingia, na hakuna aliyeanza.

Lakini nyumba haiendeshwi bila maneno, ndugu msomaji. Kuna chumvi iliyokwisha, kuna bomba linalovuja, kuna harusi ya jirani. Maneno hayo yalihitaji mbebaji, na mbebaji akawa Tiana.

"Tiana, mwambie baba yako chakula tayari."

Solofo yuko pale pale, angeweza kuigusa sufuria kwa mkono.

"Baba, Mama anasema chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimeshasikia harufu."

Mwanzoni Tiana alipunguza makali. Mama akisema, "Mwambie atoe makopo yake ya rangi mlangoni kabla sijayatupa," Tiana alimwendea baba yake akasema, "Mama anaomba usogeze makopo, tafadhali." Alijitahidi kuwa tarishi mwenye huruma. Kisha akachoka. Mezani hakusimulia tena vitabu, kwani angesimulia akimtazama nani? Akimwelekea mama, baba angekunja uso. Akimwelekea baba, mama angeinuka. Alianza kusoma akiwa anakula, kitabu kimeegemea jagi, na hakuna aliyemkataza. Akisoma, angalau hawakumtuma sana.

Asubuhi moja Bakoly alikuwa akifunga vitambaa vyake kwenye furushi, kuvipeleka kwa mteja upande wa pili wa mji. Solofo alikuwa mezani na kikombe cha kahawa. Tojo alikuwa akitafuta kiatu.

"Tiana," Bakoly alisema, "mwambie baba yako mimi leo sitarudi mpaka alasiri. Yeye ndiye amchukue Tojo shuleni saa sita."

"Ndiyo, Mama," Tiana alijibu bila kuinua macho. Alikuwa amefika pale mpelelezi anapokuta dirisha limefungwa kwa ndani.

Bakoly akatoka. Solofo akapuliza kahawa yake. Tiana akamtazama baba yake juu ya ukurasa. Amesikia, alijiambia. Ana masikio. Kwa nini mimi nirudie maneno ambayo hata paka aliyeko uvunguni ameyasikia? Akafunga kitabu, akamshika Tojo mkono, akampeleka darasani kwake, akaenda shuleni kwake mwenyewe.

Aliporudi jioni alimkuta mama yake amesimama uani, kitambaa kitupu cha furushi bado mkononi.

"Tojo yuko wapi?"

Tiana aligeuka kumtazama baba yake, ambaye alikuwa amepiga magoti nyuma ya riksho, akichora ua jekundu. Brashi ilisimama hewani.

"Solofo! Mtoto yuko wapi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mumewe tangu Pasaka.

Walikimbia wote watatu. Lango la shule lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alisema mtoto alisubiri weee, kisha hakumwona tena. Solofo akateremka mbio mpaka stesheni, na baada ya muda mfupi kila mvuta riksho wa mji ule alikuwa akiuliza habari za mvulana mdogo mwenye sweta la kijani. Bakoly alipita katikati ya wauza karoti akiita jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka. Tiana alikimbia nyuma yake, na kichwani mwake hakukuwa na joka wala mpelelezi, ila kile kiatu alichokuwa akikitafuta Tojo asubuhi, ambacho hakumsaidia kukitafuta.

Njaka ndiye aliyewaletea habari. "Yuko zahanati!" alipaza sauti. "Mzima, ila mkono!"

Tojo alikuwa amejaribu kurudi peke yake. Alipotea sokoni, akawa anaifuata riksho moja yenye maua ya baba yake mgongoni, akidhani itamfikisha nyumbani. Akaanguka mtaroni. Mwanamke mmoja muuza mboga alimtoa akampeleka zahanati. Sasa alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, midomo bado ina rangi ya baridi.

"Niliita riksho," alimwambia dada yake. "Haikusimama."

Bakoly alikaa upande huu wa kitanda, Solofo upande ule. Kisha Bakoly akasema, kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta:

"Tiana, muulize baba yako alikuwa wapi saa sita."

"Mwambie mama yako," Solofo akajibu, "kwamba sikuambiwa."

"Basi!" Tiana alisema.

Alisema kwa nguvu hata muuguzi akachungulia mlangoni.

"Mnajua mpelelezi ninayemchukia kuliko wote? Si mjinga. Yule mjinga namhurumia. Namchukia yule anayejua tangu mwanzo, anakaa kimya kwa sababu anajipenda, anangoja watu wote wakusanyike sebuleni ndipo aseme. Na wakati anangoja, mtu mwingine anakufa. Siku zote mtu mwingine anakufa! Baba, ulisikia. Mama, ulijua amesikia, ukajua hatajibu. Na mimi nilijua. Nilijua, nikasema potelea mbali, nimechoka." Sauti ikamkatika. "Nimechoka kuwa mdomo wenu."

Tojo akaanza kulia kwa sababu dada yake alikuwa akilia.

Solofo aliitazama mikono yake yenye rangi. "Saa sita niliweka brashi chini," alisema polepole, na safari hii hakuyapitisha maneno yake kwa mtu. "Nilisikia, Bakoly. Nikasimama. Kisha nikasema, leo na aje aniombe mwenyewe. Nikapiga magoti, nikaendelea na ua langu."

Bakoly alifumba macho.

"Na ule wali," Solofo akaendelea. "Nilitaka dada zangu wacheke. Walipocheka nilifurahi. Nilipokuona unaosha vyombo, nikajua nimekosea. Nimelijua siku zote hizi."

"Uliniaibisha mbele yao," Bakoly alisema. "Nilikuwa nimeamka alfajiri kwa ajili yao."

"Nilikuaibisha. Nisamehe, mke wangu."

Bakoly alimpangusa Tojo kamasi, akamfunika blanketi vizuri, ndipo akasema, "Na mimi nilimpa mtoto kazi ya mtu mzima. Tiana, njoo hapa mama." Akamvuta kifuani, shuka na vumbi na machozi vyote pamoja.

Sitadanganya kwamba siku iliyofuata nyumba ile iligeuka pepo. Wali uliivishwa kimya mara kadhaa. Kuna siku Solofo alianza, "Tiana, mwambie..." akajiuma ulimi, akageuka, akaanza upya: "Bakoly, samahani, unaweza..." Waliongea kama watu wanaojifunza kutembea. Mkono wa Tojo ulipona, ingawa hadi leo haunyooki sawasawa, na hilo halitafutika kwa msamaha wowote.

Lakini jioni moja Tiana aliwasomea hadithi ya malkia ambaye dada yake alimfungulia adui lango la mji. Solofo akasema dada huyo auawe, hana la kujitetea. Bakoly akaweka sindano chini. "Auawe? Kwani wewe umesahau aliyofanyiwa utotoni?" "Utoto ndio nini! Watu wangapi wamekufa?" "Basi wewe husikilizi vizuri!" Wakashikana kwa maneno, huyu akitaja sura ile, yule akitaja sura hii, wamesahau chakula, wameinamiana juu ya meza.

Tiana alichukua kitabu chake, akapanda ngazi taratibu kwenda chumbani. Akajifunika, akafungua alipoishia. Kule chini sauti zao zilizidi kupanda. Hakuna aliyemwita.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kununa ni haki ya kila mwenye moyo, na ndoa isiyo na ugomvi sijaiona. Lakini ugomvi wa wakubwa ubaki kwa wakubwa. Tusimtume mtoto kubeba maneno tunayoona haya kuyatamka wenyewe, kwa kuwa hubeba na uchungu wake pia, na siku atakapochoka, atakayeumia huenda akawa yule mdogo kuliko wote. Ukimkosea mwenzako, sema leo. Ukikosewa, sema leo. Na ikiwa una mtoto anayependa kusimulia alichosoma, kaa naye umsikilize mpaka mwisho, maana anayesikilizwa nyumbani kwake hapati taabu kusema linapotokea jambo zito.