Mikono ya Hospitali

Kila siku shule ikitoka saa sita, Cécile alikimbia nyumbani, akachukua sufuria ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipeleka hospitalini. Ndani mlikuwa na ugali na samaki wa dada yake mkubwa, Bibiane. Mama yao aliifunga vizuri ili chakula kifike na moto, kwa sababu Bibiane hakuwa mtu wa kula kitu kilichopoa tangu apate kazi.

Miaka ile ya Zaire, kupata kazi ya hospitali mjini Kalemie halikuwa jambo dogo. Bibiane alipochukuliwa kuwa msaidizi wa wauguzi, baba yao, Papa Félicien, karani wa gari la moshi, aliuzunguka mtaa mzima akitangaza, utadhani binti yake amekuwa waziri. Bibiane naye akaamini. Kichwa kikamvimba. Ukimwita Bibiane, hageuki. Alitaka aitwe “Citoyenne Infirmière”, yaani Mwananchi Muuguzi. Majirani aliwaambia kwamba anachoma sindano na kuwasaidia madaktari kupasua watu. Sindano gani! Tangu kipindupindu, au kolera kama walivyokiita, kiingie mjini, kazi yake ilikuwa kumwaga ndoo zilizowekwa chini ya vitanda, kufua mashuka, na kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Bila kazi hiyo wagonjwa wangekufa, lakini yeye aliionea haya na hakuitaja hata siku moja.

Kwenye mlango wa banda la kipindupindu aliketi mzee mmoja mwenye mabeseni mawili ya maji ya javel, ile dawa kali inayoua vijidudu. Beseni moja lilikuwa la kukanyaga, la pili la kunawa mikono. Mkuu wa wauguzi, Mama Philomène, alikuwa ametoa amri: hakuna kutoka bila kukanyaga na kunawa, na gauni jeupe la kazi linabaki hospitalini. Javel ile ilikausha ngozi na kubabua viatu. Viatu vya wafanyakazi wote vilikuwa vimepauka kama vimepakwa majivu. Vya Bibiane, vyeusi vilivyotoka Kigoma, vilikuwa bado viking'aa, na kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu ambayo haikuwa imebanduka hata kidogo.

Mchana mmoja Cécile aliona sababu. Dada yake alisubiri mzee ageuke kuchota maji, akaliruka beseni la kukanyaga, akalipita lile la kunawa, mikono ikiwa mfukoni.

“Yaya, hujanawa,” Cécile alisema, kwa maana huko ndivyo mtoto anavyomwita dada yake mkubwa.

“Maji yale ni ya wafagiaji,” Bibiane alijibu, akabetua midomo. “Unataka vidole vyangu viwe kama vya yule mzee?”

Cécile akacheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwake yeye dada mwenye gauni jeupe hakosei.

Jioni Bibiane alirudi nyumbani na gauni lile lile mwilini, ili watu wamwone. Alipita polepole sokoni, mbele ya meza ya Mama Pascasie, jirani yao aliyetoka upande wa Baraka, kaskazini mwa ziwa, na ambaye aliuza ndagala, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Bibiane akaziba pua kwa vidole viwili.

“Huyu mama na uvundo wake atatuua,” alisema kwa sauti ya kusikika.

Cécile naye akaziba pua. Alijua wazi kwamba ndagala zile zilikuwa safi, kwa sababu Monique, binti wa Mama Pascasie, alikaa naye benchi moja darasani, na mara nyingi walikula pamoja kwao. Lakini aliziba tu, kwa kuwa dada yake ameziba.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kupakua ugali na ndagala alizonunua kwa Mama Pascasie. Emile, kitinda mimba wa miaka miwili, alimkimbilia Bibiane akakaa mapajani pake. Bibiane akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akamtia mtoto mdomoni.

“Nawa kwanza, mwanangu,” mama alisema. “Umetoka kwa wagonjwa.”

“Mama, mikono ya hospitali haina vijidudu. Vijidudu viko huku kwenu.”

Papa Félicien akacheka kwa fahari, kana kwamba amesikia neno la busara. Emile akala matonge yote kutoka katika vidole vile vyenye kucha nyekundu.

Siku ya pili, alfajiri, Emile alianza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele uliooshwa. Kabla jua halijapanda, macho yake yalikuwa yamezama, na alipolia hayakutoka machozi. Papa Félicien alimbeba mbio mpaka hospitalini, mama na Cécile nyuma yake. Wakamlaza katika banda lile lile, wakamtundikia chupa ya maji, na Mama Philomène akakaa naye mpaka mchana. Mtoto akaanza kukojoa, akaomba kunywa. Atapona, Mama Philomène aliwaambia.

Kisha akauliza, “Alikula nini siku hizi mbili?”

Mama alifungua kinywa, lakini Bibiane, aliyekuwa zamu humo, akamtangulia. “Ndagala za Mama Pascasie. Watu wa Baraka hao, Mama. Hawajui usafi.”

Mama Philomène akasema kesho atamtuma mtu akaiangalie meza hiyo. Papa Félicien hakungoja kesho. Yeye mwenyewe alikuwa amekula ndagala zile na kulamba vidole, na tumbo lake lilikuwa zima. Hilo hakulifikiria. Alitoka na wanaume watatu, wakamkuta Mama Pascasie kwenye meza yake, wakaipindua. Samaki wote wakamwagika mchangani, na Papa Félicien akawakanyaga kwa viatu vyake vya biro, yaani vya ofisini.

“Nyinyi ndio mmetuletea kolera!” alipiga kelele, na soko zima likasikia.

Mama Pascasie hakurusha jiwe wala tusi. Aliinama akaokota kitambaa chake. Chifu wa mtaa, ambaye hakuuliza swali hata moja, akaamuru kwamba Jumamosi mama huyo apande mashua na watoto wake, arudi alikotoka. Aliyetumwa kutoka hospitalini alikuta meza tupu, akarudi zake.

Shuleni hakuna aliyetaka kukaa karibu na Monique. Cécile alisimama kando ya benchi, daftari mkononi, hajui akae au asikae.

“Kaa tu,” Monique alimwambia bila kumtazama. “Umekula kwetu mara ngapi? Uliumwa siku gani?”

“Sikuumwa.”

“Basi. Mama anachemsha hata maji ya kuoshea vyombo. Jumamosi tunakwenda Baraka, na kule hatuna nyumba. Nyumba yetu njo hii, ndiyo hii ya hapa.”

Cécile alikaa, lakini somo la siku ile halikumwingia. Walikula samaki kutoka sufuria moja, watu wote wa nyumbani. Aliyeumwa ni mmoja tu, naye ndiye aliyelishwa na Bibiane. Jambo hili lilikuwa wazi kiasi kwamba alishangaa watu wazima walivyoshindwa kuliona. Akaanza kumwonea kinyaa baba yake, akamwonea kinyaa dada yake, na zaidi ya wote akajionea kinyaa mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameona, akacheka, na akaziba pua.

Jioni alimkuta Bibiane akipaka rangi kucha zake nyuma ya nyumba.

“Yaya, mwambie Mama Philomène ukweli. Mwambie ulikuwa huna desturi ya kunawa.”

Bibiane aliacha kupaka. “Wewe una kichaa? Nikisema nitafukuzwa. Minerval yako, ile ada ya shule, atalipa nani, huyo muuza ndagala?”

“Lakini kina Monique wanafukuzwa bure.”

“Waende. Mtaa utapata hewa.”

Cécile alimtazama dada yake vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu avae gauni lile. Mtu mzima, amesoma, anawaona watoto wakifa kila wiki, na bado anachoogopa ni kucha zake. Akageuka akaenda zake.

Kesho yake, Ijumaa, alipeleka sufuria ya chakula kama kawaida, ila hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye biro ya Mama Philomène. Alisema yote: beseni lililorukwa, mikono mfukoni, gauni jeupe lililovaliwa mpaka nyumbani, matonge ya Emile, meza ya Mama Pascasie iliyopinduliwa na baba. Akamalizia, “Na mimi niliona, Mama, nikanyamaza.”

Mama Philomène hakumkemea wala hakumsifu. Aliagiza Bibiane aitwe.

“Citoyenne,” alimwambia, “weka mguu wako hapa, karibu na wangu.”

Bibiane akaweka. Kiatu cha Mama Philomène kilikuwa kimebabuka mpaka ngozi imekuwa ya kijivu. Cha Bibiane kiling'aa.

“Sasa mikono.”

Mikono ya Mama Philomène ilikuwa mikavu, imepasuka kwenye vidole. Bibiane alikunja ngumi kuficha kucha zake, na hapo akaanza kulia. Aliomba asifukuzwe.

“Kulia hakutoi vijidudu,” Mama Philomène alisema. “Siwezi kuapa ugonjwa ulipita wapi, lakini njia uliyoiacha wazi naijua. Ulidhani hospitali ni safi kwa sababu kuta zake ni nyeupe. Hospitali ndipo ugonjwa unapokusanyika. Sisi tunaotoka ndani yake ndio tunaopaswa kunawa kuliko muuza samaki yeyote. Na nimesikia unawaambia watu unachoma sindano. Kumwaga ndoo za wagonjwa ni kazi ya heshima, mimi mwenyewe nilianza na hiyo. Wewe umeifanya iwe ya aibu kwa kuifanya vibaya na kusema uongo juu yake. Sikufukuzi, maana wagonjwa ni wengi na watu ni wachache. Lakini kabla ya kurudi hapa, wewe na baba yako mwende mkalisafishe jina la yule mama.”

Usiku wa siku ile Papa Félicien hakula. Aliposikia yote alikasirika kwanza, akataka kumchapa Cécile kwa kuitia familia aibu. Mama yao, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, alisimama katikati.

“Aibu hakuileta yeye,” alisema. “Ulienda na miguu yako kukanyaga chakula cha mwenzako.”

Basi mwanamume yule mkubwa akaenda kwa Mama Pascasie, akipita uani, gizani, akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Bibiane na Cécile walimfuata. Mama Pascasie alikuwa akifunga mizigo. Hakuwakaribisha viti.

“Mama, tumekosa,” Papa Félicien alinong'ona. “Kosa halikuwa lako. Utusamehe.”

“Papa Félicien,” Mama Pascasie alisema, “siku ile ulikuja mchana, na soko lote likakusikia. Leo unakuja gizani, unanong'ona. Msamaha wa namna hii utanisaidia nini? Nikiamka kesho, kwa watu nitakuwa bado yule yule aliyeleta kolera. Mashua inaondoka saa nne. Kama mna neno, sokoni mnapajua.”

Akarudi kwenye mizigo yake, nao wakatoka.

Jumamosi asubuhi watu wa soko walimwona karani wa gari la moshi, amevaa abakosti yake nzuri, ile suti ya Zaire isiyovaliwa na tai, amesimama pale pale alipopindua meza, na binti yake kando yake bila gauni jeupe. Papa Félicien aliwaita watu, na Mama Pascasie akaja na watoto na mizigo yake. Alikuwa amemleta hata chifu wa mtaa. Kisha akamsukuma Bibiane mbele. Bibiane akaanza kusema akitazama chini.

“Hatusikii,” alisema Mama Pascasie. “Baba yako hakunong'ona.”

Bibiane akainua uso. Alisema kwa sauti kwamba kazi yake ni kumwaga ndoo, si kuchoma sindano. Alisema kwamba alitoka kwa wagonjwa bila kunawa, akamlisha mdogo wake, halafu akamsingizia jirani. Baadhi ya wanawake walicheka, mmoja akafyonza, na Papa Félicien akayapokea yote akiwa amesimama. Kisha naye akakiri kwamba samaki aliowamwaga walikuwa wazima na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewala. Chifu akakohoa, akasema mama abaki.

Monique alisogea akasimama karibu na Cécile. Mama Pascasie aliwatazama wasichana hao wawili, kisha akamgeukia Bibiane.

“Kolera ina maji yake ya chumvi na sukari,” alisema, “na mtoto wenu amepona, namshukuru Mungu. Jina baya ulilompa mtu halina dawa ya chupa. Linaondoka siku ile tu mdomo uliolitoa unapolirudisha mbele ya masikio yale yale. Leo umefanya hivyo. Imekuuma, na ilipaswa kukuuma.”

Akatandika kitambaa chake juu ya meza, akaanza kupanga mafungu ya ndagala alizozitoa kwenye mizigo. Papa Félicien akaomba anunue moja. Mama Pascasie akamwambia apange foleni kama wengine.