Ndege wa Tatu Kwenye Kadi ya Harusi

“Picha uliyonitumia ni ndogo, mpenzi. Nikiichapa kwenye kadi itatoka na ukungu.”

“Ndogo kivipi? Wiki mbili nimeinama nachora hao ndege, leo unaniambia ndogo?”

“Sijasema umechora vibaya. Faili ndilo dogo. Niletee karatasi yenyewe niiskani hapa ofisini.”

Simu ikajibu kwa kicheko. Kile kicheko chake cha puani, cha mtu anayemsikitikia mjinga.

“Karatasi yangu isiingie kwenye mashine zenu! Nyie mmezoea kuokota michoro ya marehemu mtandaoni, mnaipachika kwenye kalenda halafu mnajiita mafundi. Mimi nazaa, wewe unaokota. Ndiyo maana nimekwambia, tukioana hiyo kazi unaiacha. Mke wa msanii hawezi kuwa muokota makopo.”

Akakata.

Mtaa mzima ulimwita Msanii. Skafu shingoni hata jua likiwaka, penseli sikioni ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikichongwa. Na huyu binti aliyetukanwa, wateja walimwita Fundi Kadi. Alikuwa na miaka sita kwenye kile kiwanda kidogo cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye hifadhi za mtandaoni, zile ambazo maktaba na makumbusho huweka picha zao za zamani. Alitafuta ua, ndege au ramani ambayo hakimiliki yake imeshakwisha na kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Alisoma masharti mpaka mstari wa mwisho, akasafisha madoa, akachapa. Na nyuma ya kila kadi, kwa herufi ndogo, aliandika jina la aliyechora. Sheria haikumlazimisha. Aliona tu ni adabu.

Lakini alimpenda Msanii. Tuseme ukweli, alimpenda kupita kiasi. Barua ya kuacha kazi ilikuwa kwenye droo, imebaki sahihi tu. Kadi mia tatu zilitakiwa Jumamosi, na harusi ilikuwa wiki tatu mbele.

Simu ikalia. Ujumbe:

“Haya, nimekutumia kubwa. Usinisumbue tena. Hao ndege ni mimi na wewe, nimewatoa kichwani mwangu. Ukiwaharibu utanijua.”

Akafungua. Faili lilikuwa kubwa kweli, likajaza kioo cha kompyuta. Ndege dume mwenye kifua chekundu, na jike upande mmoja, kwenye tawi lenye maua. Kazi nzuri mpaka machozi yakamlengalenga. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akaivuta karibu akague pembe.

Chini, palipokuwa na sahihi ya Msanii yenye mikia kama tausi, kulikuwa na kitu kimejificha. Akavuta karibu zaidi. Namba. Arobaini na saba, imegeuka nyuma-mbele, kama unavyoiona kwenye kioo.

“Babu,” akaita, “hebu njoo.”

Babu Kisu, mzee aliyeendesha mashine ya kukata karatasi, akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

“Nani anaandika namba kinyumenyume?”

“Mlevi,” alisema Babu Kisu. “Au mtu aliyegeuza picha ili isijulikane ilikotoka.”

Fundi Kadi akaigeuza picha, kulia kukawa kushoto. Namba ikanyooka. Akaiingiza kwenye kitafutio cha picha. Hata soda haijapoa kwenye friji, jibu likaja: kitabu cha ndege, bamba, yaani ukurasa wa picha, la arobaini na saba, kimechorwa na mwanamke mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia iliyopita. Na chini yake yale maneno aliyoyasoma kila siku ya maisha yake: haina hakimiliki, tumia upendavyo.

Lakini hilo silo lililomfanya ashike ukingo wa meza. Bamba zima lilikuwa na ndege watatu. Dume katikati, jike kushoto, jike kulia. Msanii alikuwa amekata kipande kimoja tu.

“Mungu wangu,” alisema Babu Kisu, akasogeza miwani. “Huyu wa upande wa pili namjua.”

“Unamjuaje ndege, Babu?”

“Wiki iliyopita nesi mmoja alileta picha tumwekee fremu. Dume huyu huyu na jike huyu wa pili, na sahihi hii hii ya mikia. Nilimkatia kadibodi mimi mwenyewe. Nikamuuliza, mama, mbona dume kageuza shingo kama kuna mtu anamwita kule pembeni? Akacheka, akaniambia wasanii ndivyo walivyo.”

“Alisema kachorewa na nani?”

Babu Kisu akaangalia sakafu.

“Na mchumba wake.”

Namba ya simu ya nesi ilikuwa kwenye daftari la oda. Fundi Kadi akapiga.

“Samahani dada, napiga kutoka kiwanda cha uchapaji. Ni kuhusu ile picha yako ya ndege.”

“Imevunjika fremu?”

“Fremu nzima. Aliyekuchorea ni mwembamba, ana skafu na penseli sikioni?”

“Wewe nani?”

“Mimi ni jike wa upande mwingine. Harusi yangu naye ni wiki tatu zijazo.”

Nesi akapumua kama mtu aliyechomwa sindano yake mwenyewe.

“Mimi aliniambia harusi ni mwakani, anasubiri maonyesho yake ya ng’ambo. Na ile picha aliniambia alinichora nikiwa nimelala! Dada, mimi nalala nimejifunika mpaka kichwa. Nilijiuliza kaniona wapi.”

Fundi Kadi alitaka kulia, kikatoka kicheko. Wakacheka wote wawili, kicheko kichungu cha watu waliouziwa kiatu kimoja kimoja kutoka jozi moja.

“Jumamosi saa nne anakuja kuchukua kadi,” alisema Fundi Kadi.

“Nitabadilishana zamu,” alisema nesi.

Alipokata simu akaitoa barua kwenye droo, akampa Babu Kisu. Mzee akaipitisha kwenye mashine yake vipande vinne, bila kuuliza.

Jumamosi Msanii akaingia na mama yake. Mama wa watu alikuwa kavaa vizuri, anasalimia kila mtu mpaka mteja wa fotokopi.

“Hamjambo wanangu! Nimekuja kuona kazi ya mkono wa mwanangu.”

“Karibu mama. Shikamoo.”

“Marahaba, mkwe wangu.”

Fundi Kadi akafungua boksi, akampa kadi moja. Mama akaiinua kwenye mwanga.

“Nzuri! Lakini mbona ndege watatu? Uliniambia wawili.”

Msanii akainyakua. Rangi ikamtoka usoni.

“Nini hiki? Nani kakuruhusu kugusa kazi yangu?”

“Geuza nyuma, usome jina la mwenye kazi,” alisema Fundi Kadi. “Kafariki kabla mama yako hajazaliwa.”

“Ah! Kumbe ndiyo hilo?” Akajaribu kile kicheko cha puani, kikakwama njiani. “Hizo picha hazina hakimiliki. Ziko wazi kwa kila mtu. Wewe mwenyewe unazitumia kila siku! Nimeiba nini?”

“Kuitumia ruksa. Kuikata ruksa, kuigeuza ruksa, hata kuivalisha skafu ruksa. Ila kuniambia umeitoa kichwani mwako, halafu ukanitukana mimi kwamba naokota! Mimi naokota na kusema nimeokota. Wewe unaokota unajiita mzazi.”

“Mpenzi, usinidhalilishe mbele ya mama…”

“Ngoja, bado zamu ya mwenzangu.”

Nesi akatoka nyuma ya pazia la stoo, sare nyeupe, fremu kwapani. Akaiweka mezani kando ya kadi. Dume huyo huyo. Sahihi hiyo hiyo.

“Mzima, mchumba?” alisema. “Maonyesho ya ng’ambo yanaendeleaje?”

Mteja wa fotokopi akaacha kukusanya karatasi zake.

Mama yake ndiye aliyesogea. Taratibu, akaichomoa ile penseli sikioni mwa mwanawe, akavuta karatasi tupu kutoka kwenye mashine.

“Mama, nini sasa?”

“Miaka kumi nawaambia watu mwanangu mchoraji. Nimekulisha, nimekuvisha, nikakataa usitumwe hata maji, eti mkono wako usiharibike. Nichoree ndege. Mmoja tu.”

“Mama, msanii hachori kwa kulazimishwa…”

“Chora!”

Akachora. Jasho likadondoka kwenye karatasi. Mama akaichukua, akaitazama wima, akaitazama ubavu, akampa Babu Kisu.

“Baba, hiki ni nini?”

Babu Kisu akasogeza miwani.

“Naona kama birika, mama. Lakini limekanyagwa.”

Nesi akajishika mbavu. Hata mteja wa fotokopi alikohoa kufunika kicheko. Mama hakucheka. Akamgeukia Fundi Kadi, akamshika mikono yote miwili.

“Mwanangu, nilikupenda. Ndiyo maana nakwambia, usiolewe hapa.” Akamtazama nesi. “Na wewe pia, mama. Fanya kazi zako.”

Akatoka. Msanii akamfuata nyuma, skafu inaburuzika chini, na hakuna aliyemwambia.

Jioni, Fundi Kadi akiwa anafunga kompyuta, ujumbe ukaingia:

“Nimekosa. Nipe nafasi moja tu nikueleze ya moyoni.”

Akasoma maneno hayo mara mbili. Yalikuwa matamu, yamepangwa vizuri. Kwa mazoea ya kazi akayanakili, akayaingiza kwenye kitafutio. Yakatokea ukurasa wa kwanza wa majibu, kwenye orodha ya meseji mia za kuomba msamaha, namba kumi na mbili.

Akamjibu:

“Nimekupata. Ukurasa wa kwanza kabisa.”

Akazima taa, akaenda nyumbani.