Vumbi Jeusi Katika Unga wa Keinan

Hf, hf, hf. Pumzi fupi, za haraka, kama za mbuzi aliyekimbizwa juani. Idil alizisikia kabla hajafumbua macho. Alinyoosha mkono kwenye mkeka, akamgusa mdogo wake Keinan, mtoto wa miaka miwili. Viganja vya mtoto vilikuwa baridi, vimepauka kabisa.

Mwaka ule wa 1996, ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe wote. Familia ilihama kutoka Kotile, ikaja kukaa pembezoni mwa mji wa Garissa. Kila siku mama yao, Istahil, alikuwa akitoka mapema kuuza kuni. Idil, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyempikia Keinan uji kabla ya kwenda shule.

Unga ulitoka kwenye zahanati. Muuguzi Shamso alikuwa amewaambia wazi, "Mtoto huyu amepungukiwa damu, na dawa imekwisha. Lakini unga huu umetiwa madini ya chuma. Mpeni uji wake kila siku. Chai asipewe kabisa."

Tatizo ni kwamba Keinan aliuchukia uji. Aliutema, akalia, na kengele ya shule haikumngoja mtu. Siku moja Idil aliumiminia chai kali yenye sukari. Keinan akanywa wote! Tangu hapo Idil akawa anafanya hivyo kila asubuhi, wala hakumwambia mtu.

Wiki zilipita. Keinan hakupata nafuu, bali aliacha hata kutambaa.

Asubuhi hiyo ya pumzi fupi, kabla Mama hajatoka, baba yao, Abdow, alitoa sumaku kwenye redio mbovu. Sokoni alikuwa amesikia kwamba unga ule umechanganywa na vyuma. Aliizungusha sumaku ndani ya mfuko, akaitoa. Ilikuwa imeota ndevu nyeusi za vumbi laini sana.

"Wallahi, tazameni!" alifoka. "Nilikuwa na ng'ombe, leo namlisha mwanangu misumari iliyosagwa!"

"Ukiumwaga, atakula nini?" Mama alilia. "Kwanza twende kwa Shamso."

Kwenye zahanati, Shamso alivuta kope la chini la Keinan. Ndani palikuwa peupe.

"Uji anapewa?"

"Kila siku," Mama akajibu.

"Na chai je?"

Wote walimgeukia Idil. Alitazama mkono wa baba yake ulioukaba mfuko wa unga. "Sijampa, eedo," alisema, akimwita Shamso shangazi kwa heshima.

"Umesikia?" Baba alisimama. "Kosa ni la unga. Leo hii naumwaga mtoni!"

"Ngoja, mzee. Umwage baada ya kuona."

Shamso alikwangua lile vumbi jeusi kutoka kwenye sumaku aliyokuja nayo Baba, akalitia katika glasi yenye maji ya ndimu. Walingoja. Vipovu vidogo vilianza kupanda.

"Chuma hiki husagwa laini ili mwili ukiweze," alisema. "Tumboni mna asidi, kali kuliko ndimu. Huyeyusha vumbi hili, kisha mwili hukichukua chuma na kutengeneza damu. Lakini kinacholiwa pamoja nacho kinaweza kukibadilisha."

Alichukua chai yake ya rangi iliyopoa, akaimimina ndani ya glasi. Maji yaligeuka meusi kama wino.

"Chai imekikamata chuma. Sasa mwili unakipata kidogo mno, kingine kinaishia chooni."

Idil aliikodolea macho glasi ile. Akilini aliliona tumbo la Keinan, asubuhi baada ya asubuhi, limejaa wino. Baba alikuwa ameshafika mlangoni na mfuko.

"Aabo, usimwage!" alimpigia kelele baba yake. "Ni mimi! Nilimtilia chai kwenye uji. Alikuwa akiutema. Niliogopa kusema."

Mama alijipiga kifuani. "Mwanangu wee, mtoto alikuwa anakwisha mikononi mwetu, na wewe umenyamaza?"

Baba alirudi polepole, akauweka mfuko mezani. Kwa mara ya kwanza Idil aliyaona machozi yake.

"Bado tuna nafasi," Shamso alisema. "Mkamulieni ndimu kwenye uji, na sukari kidogo. Mleteni kila wiki nimwone."

Haikuwa kazi ya siku moja. Keinan alitema, akamrushia Idil kijiko. Idil alimbembeleza, akaamka mapema zaidi ili asichelewe shule. Baadaye Keinan alianza kutambaa, kisha akasimama. Siku moja Shamso alivuta kope lake akacheka: ndani palikuwa pekundu.

Alimgeukia Idil. "Abaayo, dada yangu, kumtilia chai lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na kutojua kunafundishika. Lakini uongo ulinifunga macho mimi niliyetaka kumponya. Ungenyamaza siku ile, chakula chake kingekwenda mtoni, na yeye tungemzika. Mgonjwa anahitaji ukweli wote, hata ule unaomwaibisha msemaji."

Idil aliinamisha kichwa. Kisha akaushika mkono wa mama yake, akasema kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia:

"Hooyo, nakuahidi. Nikikosea tena, utasikia kutoka kwangu mimi, siku ileile, hata kama natetemeka."