Nimekuuzia Kama Ulivyokiona

Adhana ya magharibi ilikuwa haijamalizika pale Nasriya aliposikia udi unanukia sebuleni, na jioni hiyo hakuna mtu aliyekwisha kuchoma udi. Chetezo kilikuwa jikoni, kimejaa majivu ya Ijumaa. Alikwenda kukigusa kwa kidole, kilikuwa baridi. Akacheka peke yake. Nyumba ya Mwomani isiponukia udi ndipo mtu ashtuke, alijiambia, akarudi kwenye simu yake.

Simu hiyo ndiyo iliyokuwa imemvuruga akili. Baba yake, marehemu Mahfoudh, alikuwa na duka la vitu vya kale Matrah, na alipofariki alimwachia binti yake bohari nzima ya makorokoro kule mtaa wa Ghala: masufuria ya hoteli zilizofungwa, vioo vilivyopasuka, viti visivyo na miguu. Ndani ya sanduku moja Nasriya alikuta kinara cha udongo chenye uso. Macho makubwa yaliyotobolewa, mdomo wazi wenye meno, ili mshumaa ukiwashwa ndani mwanga utoke kwenye matundu hayo. Lakini baba alikuwa ameyaziba yote, macho na mdomo, kwa pamba na nta. Nasriya alidhani marehemu alikuwa anazuia mende.

Mtandaoni aligundua kwamba vitu vile Wazungu huviita tiki, kwamba zamani vilipamba baa zao, na kwamba leo watu wazima, wenye akili zao timamu, hugombania kimoja mnadani kwa fedha za kununulia gari. Gari! Akakipiga picha na kukitia mnadani. Siku zikapita, hakuna aliyekitazama.

Ndipo akapata wazo, na laiti asingelipata. Alichokoa pamba na nta kwa kisu, akatia kaa la moto na kipande cha udi ndani, na moshi ukatoka machoni na mdomoni, mzito na mweupe. Akamwita binti yake, Noof, mtoto wa miaka sita, akae nyuma ya meza, kidevu karibu na kinara, ili wanunuzi waone ukubwa wake. Picha ile ilipotoka tu, bei ikaanza kupanda. Wakaomba picha nyingine, na nyingine. Kila magharibi Nasriya akawasha udi, na kila magharibi Noof akakaa mahali pale pale, moshi ukimzunguka uso.

Na jioni hii mnada ulikuwa unafungwa. Nasriya aliwasha kaa kwa mara ya mwisho, akamkalisha mtoto, akashika simu. Bei ilipanda mpaka akaona haya kuitazama. Kisha mnada ukafungwa. Ameuza!

Furaha ilimkumbusha baba yake. Mzee Mahfoudh hakuwahi kuruhusu kitu kitoke dukani bila biashara kutamkwa kwa mdomo. Hata watalii aliwafundisha: yeye anasema "Nimekuuzia kama ulivyokiona," nao wanajibu "Nimekubali," ndipo mikono inashikana. Nasriya alikulia chini ya meza ya duka lile, na maneno hayo yalimtoka bila kufikiri.

"Nimekuuzia kama ulivyokiona," alisema kwa sauti, akicheka.

"Nimekubali."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, mpole, na ilitoka mdomoni mwa kinara pamoja na moshi.

Nasriya alijiambia ni simu. Alijiambia ni jirani. Alilizima lile kaa kwa maji, akakifunika kinara kwa taulo, akamchukua mtoto akamwogeshe. Lakini nywele za Noof alizisugua kwa sabuni tena na tena, na bado zilinukia udi.

Kuanzia hapo mtoto aliacha kula. Hakulia, hakucheza. Alikaa sebuleni akiitazama ile taulo, na mwili wake ukazidi kuwa baridi katika joto lile la Maskati. Baba yake, Thabit, alikuwa kazini mbali, Duqm, na hospitali walimpima wakasema hawaoni kitu. Nasriya alimkuta anakunja nguo zake moja moja, vizuri, kama mtu mzima.

"Unafanya nini, mama?"

"Ananiambia nijitayarishe."

"Nani?"

Noof alimtazama kwa mshangao. "Si yule aliyeninunua?"

Nasriya alizichukua zile nguo, akazirudisha kabatini. Alimpigia simu mama yake, Bi Khole, akamweleza habari ya picha na ya sauti iliyomjibu, naye akaja na Maalim Msellem kutoka Bustan, alasiri ile ile. Bi Khole alipokiona kinara kimefumbuliwa macho, alijipiga kifuani.

"Nasriya, mwanangu, umeitoa pamba?"

"Nilikuwa nauza, mama. Kuna Mmarekani amekinunua—"

"Sikuulizi Mmarekani. Nnakuuliza, aliyekujibu nani?" Akateremsha sauti. "Baba yako alikiziba kwa mkono wake. Ulikuwa mdogo, ukicheza dukani. Alikisikia kinamuuliza bei yako. Hakujibu, wallahi hakujibu neno. Na hakukitupa, alichelea akikitoa kisije kikamfika mtoto wa mwenzake."

Maalim alimlaza Noof kwenye zulia na kukiweka kinara mezani mbele yake. "Binti yangu," alimwambia Nasriya, "umemwonyesha huyu aliyemo ndani picha, na mtoto yumo pichani. Umesema kama ulivyokiona. Biashara hii itavunjwa kwa kutamkwa, na yeye lazima aridhie. Nitasema naye mimi. Wewe usifungue mdomo. Usimwambie neno lolote."

Akafumba macho, akaanza kusoma. Jua lilikuwa linazama, na kile kinara, kisicho na kaa wala udi, kikaanza kutoa moshi, kwanza mdomoni, kisha machoni, na Maalim akapandisha sauti, na Bi Khole akajifunika uso kwa mtandio akilia, na moshi ukateremka mezani, ukatambaa juu ya zulia mpaka ukamfikia Noof puani, na kila mtoto alipovuta pumzi ilikuwa fupi kuliko ile ya kabla yake, na midomo yake ikageuka rangi, na Nasriya akangoja pumzi nyingine, akangoja, akangoja, na ile pumzi haikuja.

Maalim alikuwa bado anasoma. Nasriya aliinama mpaka midomo yake ikakaribia ule uso wa udongo.

"Tubadilishane," alinong'ona. "Mwache yeye. Nichukue mimi, kama unionavyo."

Hakikusita hata kidogo, kama mtu aliyengoja miaka mingi kusikia neno hilo.

"Nimekubali."

Kinara kikapasuka vipande viwili. Noof akavuta pumzi kubwa, akakohoa, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, na hakuna aliyewahi kusikia kilio kitamu kuliko hicho.

"Alhamdulillah!" Maalim alifumbua macho, jasho likimtiririka. "Ameridhia. Ametoka."

Bi Khole alikusanya vile vipande ndani ya gunia huku akishukuru, na Maalim akaenda kutawadha. Nasriya alimpakata mtoto wake. Nywele za Noof zilinukia sabuni tu. Mashavu yalikuwa ya moto, ya kupendeza, na Nasriya akayabusu, na akalia kwa furaha, na hakutaka kujiuliza harufu ya udi aliyokuwa akiisikia bado ilitoka wapi.

Noof akainua uso.

"Mama, mbona unatoa moshi mdomoni?"

Nasriya alifumba mdomo haraka, akaubana kwa nguvu. Noof aliendelea kumtazama. Kisha akanyoosha kidole chake kidogo, polepole, akamgusa mama yake pembeni ya jicho.

"Na hapa," alisema.