Gramu Mia za Binzari

Hanifu anauza viungo sokoni Kondoa. Kila asubuhi anapima binzari ya unga kwenye mizani yake ndogo. Ukimsalimia, anakupa mkono wa njano.

Mkewe Shamila alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki walimpima damu, wakakuta kiwango ni tisa. Ni kidogo. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, lakini vilimtia kichefuchefu.

Hanifu akasoma kwenye simu kwamba gramu mia za binzari zina madini mengi ya chuma kuliko maharage.

"Weka vidonge kando," alisema. "Dawa tunayo ndani, na anayeisaga ni mimi."

Basi uji ukawa wa njano. Wali ukawa wa njano. Chai nayo haikupona. Maharage na mlenda vikasahauliwa.

Mwezi ukapita. Shamila akawa anapumzika mara mbili akitoka bombani. Kliniki wakampima tena. Nane.

Jioni hiyo alikuja Domitila, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimsikiliza Hanifu mpaka mwisho.

"Shemeji, lete mizani yako," alisema. "Nipimie gramu mia."

Hanifu akapima. Kilima cha njano kikajaa sahani.

"Sasa mkeo aile yote."

"Dada Domitila, nani atakula hiyo?"

"Wewe ndiye uliyesoma gramu mia. Kwenye chungu mnatia kiasi gani?"

Shamila alichota nusu kijiko, akamwaga kwenye mizani. Mizani haikutingishika sana.

"Gramu mbili hizo, tena mnagawana wawili," alisema Domitila. "Binzari ni kiungo kizuri, lakini tunakula kidogo mno. Na mjamzito haifai aile kwa wingi kama dawa. Damu yake inataka vidonge, maharage, dagaa na mlenda. Juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi inausaidia mwili kuchukua chuma. Chai inywewe baadaye, mbali na chakula na vidonge."

"Na kichefuchefu?" aliuliza Shamila.

"Meza kidonge baada ya kula, kabla ya kulala. Kichefuchefu kikizidi, rudi kliniki. Usiache vidonge mwenyewe."

Hanifu alitazama kile kilima. "Nilidhani nakusaidia," alimwambia mkewe.

"Najua. Kesho nunua maharage."

Alinunua. Kila siku baada ya chakula, alisimama karibu na Shamila ameshika glasi ya maji kama mlinzi wa benki, mpaka kidonge kimezwe. Mwezi wa nane wa mimba kipimo kikasoma kumi na moja. Shamila akajifungua salama mtoto wa kike, Stara.

Juzi mteja mmoja alimuuliza Hanifu, "Eti binzari inaongeza damu?"

Hanifu alivuta mizani, akaanza kumpimia gramu mia.